Nafasi za Kazi Zisizobandikwa Ubaoni

Mada iliyosomwa mbele ya wahitimu wa vyuo na sekondari, wazazi na waajiri, katika ukumbi wa Halmashauri ya Wilaya



Kila Jumatatu asubuhi, mbele ya ubao wa matangazo wa Halmashauri, husimama vijana wenye bahasha za kaki mikononi. Husoma karatasi zote, hata ile ya mnada wa magari chakavu, kisha huondoka. Wapo waliolipa nauli kutoka vijijini kwa ajili ya kusoma ubao huo tu. Jioni hiyo hiyo, ndani ya wilaya hii hii, kinu cha kukoboa mpunga humpata karani mpya wa stoo, zahanati binafsi humpata mtaalamu wa maabara, na mfanyabiashara wa malori humpata mhasibu. Hakuna hata nafasi moja kati ya hizo iliyopita ubaoni.

Jibu linalosikika vijiweni ni fupi: nafasi zina wenyewe. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nao utasemwa hapa bila kufunikwa. Hata hivyo si ukweli wote, na kijana anayelimeza zima zima huishia kuacha kutafuta.

Mwenye kinu anapohitaji karani wa stoo, jambo la kwanza linalomjia akilini si cheti. Karani huyo atashika funguo. Atapokea magunia usiku, atapima, ataandika, na wakati mwingine atapokea fedha taslimu kutoka kwa wakulima. Cheti kinaeleza kwamba mtu alifaulu hesabu. Hakielezi kama magunia yatakuwa kamili asubuhi. Kwa hiyo mwenye kinu huwauliza watu anaowaamini: dereva wake, fundi wa mashine, mwalimu mstaafu anayeishi jirani. Yule atakayetajwa na mmoja wao anakuja na kitu ambacho mwombaji wa bahasha hana, yaani mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Ndiyo maana waajiri wengi hudai wadhamini wawili na barua ya utambulisho ya Mtendaji wa Kijiji au Mtaa hata baada ya kuridhika na vyeti.

Ipo pia hesabu ya gharama. Tangazo la nafasi moja huleta mamia ya bahasha. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na wawili hana afisa utumishi; anayezisoma ni yeye mwenyewe, usiku, baada ya kufunga biashara. Na akikosea kuchagua, kosa halifutiki kirahisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini asiachishwe isivyo haki: lazima kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki. Ulinzi huo ni mwema na haupaswi kuguswa. Lakini unamfanya mwajiri mwoga atafute mtu anayejulikana kabla ya kumfungulia mlango.

Tena nafasi nyingi hazipati muda wa kuwa wazi. Mtaalamu wa maabara anapotoa taarifa ya kuacha kazi, tayari yupo pale kijana aliyefanya mafunzo kwa vitendo mwaka uliopita, au binti anayejitolea tangu mwezi wa tatu. Mganga mkuu wa zahanati ameshaona jinsi anavyoandika majibu na jinsi anavyowapokea wagonjwa. Kwake, kutangaza kungekuwa kumtafuta mgeni huku mwenyeji ameketi sebuleni.

Jambo hili si la wilaya hii wala la Tanzania pekee. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahoji wataalamu na mameneja wa mji wa Newton, Massachusetts, juu ya namna walivyopata kazi zao, akachapisha matokeo katika miaka ya 1973 na 1974. Zaidi ya nusu walikuwa wamepata kazi kupitia mtu waliyemfahamu. Jambo lililowashangaza wasomaji wake ni lingine. Kati ya waliosaidiwa na mtu, takribani 17 katika kila 100 ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na watu waliokutana nao mara chache: mfanyakazi mwenzao wa zamani, mtu waliyesoma naye, rafiki wa rafiki. Sababu yake inaeleweka hata bila takwimu. Kaka yako na wewe mnalala nyumba moja na mnasikia habari zile zile. Analolijua yeye, wewe unalijua. Mtu wa mbali ndiye anayetoka mahali ambako hujafika.

Kwa hiyo kijana anayelalamika kwamba hana mjomba mkubwa mjini anaweza kuwa anahesabu watu wasio sahihi. Msimamizi wake wa mafunzo kwa vitendo, mwalimu wa chuo, wakala wa pembejeo aliyewahi kumpimia baba yake mbolea: hao ndio wa kuhesabu.

Sasa kuhusu utumishi wa umma, ambako mambo ni tofauti na kunapaswa kuwa tofauti. Mshahara wa mtumishi wa umma ni kodi ya wananchi wote. Kwa hiyo mlango wake hauwezi kufunguliwa kwa kunong'onezana. Nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupokelewa kwenye mfumo wa Ajira Portal. Sekretarieti haimtozi mwombaji ada. Hata hivyo kuna jambo linalozua manung'uniko mengi kwa sababu halielezwi vya kutosha. Waliofaulu usaili lakini nafasi zikawa hazikutosha, majina yao huhifadhiwa katika kanzidata. Nafasi ya kada ile ile ikipatikana baadaye, hupangiwa mtu kutoka humo bila tangazo jipya. Jirani humwona kijana anaripoti kazini wakati hakuna tangazo lililotoka, naye husema palipita mkono. Huenda kijana huyo alifanya usaili miezi mingi iliyopita, akafaulu, akasubiri. Kwa sababu hiyo, kukata tamaa na kuacha kwenda kwenye usaili ni hasara mara mbili.

Upande mchungu nao usemwe. Mzunguko wa habari za kazi hautendi haki sawa kwa wote. Habari nyingi husafiri kwenye vijiwe vya kahawa, vituo vya bodaboda na viwanja vya mpira, na huko mabinti hawaketi. Utafiti wa Granovetter wenyewe uliwahusu wanaume peke yao. Kijana asiyesikia, au anayetumia kiti cha magurudumu, hufikiwa na habari akiwa wa mwisho, hali Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mwajiri anayeajiri kwa kuulizana tu hulimaliza sharti hilo bila hata kulifikiria. Vivyo hivyo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsi na mambo mengine, na inamlinda mwombaji wa kazi kama inavyomlinda aliyekwisha kuajiriwa. Mwenye duka anayesema anamtafuta "mtu wetu" na aeleze vizuri maana ya neno "wetu".

Na pale ambapo kimya kinatumika kuficha biashara, hapo hakuna tena suala la uaminifu. Anayeomba fedha ili kumwingiza mtu kazini anaomba rushwa. Anayemtaka binti kimwili kama sharti la kumpa nafasi anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, awe ni bosi wa ofisi au mwenye banda la mashine. Simu ya TAKUKURU ni 113, na haitozwi. Mzazi anayeuza ng'ombe ili kulipia "nafasi" mara nyingi hupoteza ng'ombe na nafasi pia, kisha huona haya kwenda kushitaki.

Ndugu wahitimu, barua ya kuomba kazi haihitaji kusubiri tangazo. Barua fupi yenye jina la mwajiri, inayoonyesha kwamba mwandishi anaijua shughuli ya pale, husomwa kwa makini kuliko barua moja iliyotolewa nakala arobaini. Unapomwendea mtu, usianze kwa kusema "nitafutie kazi". Mtu huyo hana kazi mfukoni, na sentensi hiyo humfanya akukwepe. Muulize kazi ya pale inafanyikaje, mashine gani zinatumika, na kipindi gani wanazidiwa. Atajibu kwa furaha, maana kila mtu hupenda kueleza kazi yake, na nafasi ikitokea atakukumbuka. Baada ya mafunzo kwa vitendo, mrudie msimamizi wako hata mara mbili kwa mwaka. Na jambo moja dogo linalogharimu watu kazi: namba ya simu. Mwajiri huihifadhi barua, hupata nafasi baada ya miezi mitano, hupiga, naye huambiwa namba haipatikani. Hapigi mara ya pili. Ukibadili laini, pita kwa kila uliyemwachia barua.

Kujitolea nako kuwe na kipimo. Miezi michache ya kujifunza na kuonekana ni mtaji. Miaka miwili bila posho wala ahadi ya maandishi ni mtu kufanya kazi ya mwajiriwa bila mshahara, na heshima ya mwajiri haibadilishi ukweli huo.

Waajiri nao wana la kujiuliza. Anayeajiri siku zote kupitia dereva wake hupata marafiki wa dereva, na siku magunia yakipungua atakuta wote wanalindana. Anayetaka kuchagua kutoka uwanja mpana bila kuzikwa na bahasha anaweza kutaja masharti machache yaliyo wazi, siku moja ya kupokea maombi na jaribio dogo la kazi lenyewe: kupima gunia, kuandika stakabadhi, kuwasha mashine. Kamati zinazosimamia ujenzi wa madarasa na zahanati kwa utaratibu wa Force Account, ambazo hutumia mafundi na vibarua wa eneo husika, zisiwaite watu kwa simu za jioni pekee. Majina yaitwe kwenye mkutano wa kijiji, wanawake wakiwepo. Na mwajiri binafsi mwenye nafasi, hata moja, apeleke karatasi yake kwa Mtendaji wa Kata ibandikwe. Karatasi hiyo ikae siku saba, kisha mwajiri aendelee kuwauliza hao hao anaowaamini.