Mkono wa Pili wa Akseleta

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniomba nieleze jambo moja la kazi yangu ya ufundi huko Whitehorse, kaskazini-magharibi ya Kanada. Naishukuru kwa heshima hiyo. Nimechagua jambo dogo, la wenzo mmoja na waya mmoja, kwa kuwa ndani yake mna somo linalohusu uhai wa mtu. Nitaeleza namna ya kufunga na kurekebisha akseleta ya ziada upande wa kushoto wa pikipiki ya theluji.

Wengi wenu hamjaiona mashine hiyo. Mbele ina skii mbili zinazoteleza juu ya theluji, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama minyororo ya buldoza. Dereva hukaa kama juu ya pikipiki na kushika usukani kwa mikono miwili. Lakini akseleta yake haizungushwi kiganjani. Ni wenzo mdogo unaosukumwa kwa kidole gumba cha kulia. Breki iko mkono wa kushoto. Gia za kubadilisha hakuna: injini ikipata kasi ya kutosha, klachi hushika yenyewe na mashine huondoka. Kwa hiyo kidole gumba kimoja ndicho kinachoamua kama mashine yenye uzito wa zaidi ya kilo 200 iende au isimame.

Msidhani ni chombo cha starehe tu. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alifiwa na mwanawe mdogo katika majira ya baridi ya mwaka 1934, kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa kuendeshea magari juu ya theluji, na mwaka 1959 ikatoka mashine ndogo iitwayo Ski-Doo. Katika eneo la Yukon ninakoishi, wako watu wanaoitumia kukagua mitego na kuleta kuni. Huko Snag, ndani ya eneo hilohilo, tarehe 3 Februari 1947 kipimo kilishuka hadi nyuzi 63 chini ya sifuri. Mtu akikwama porini katika baridi ya namna hiyo, hana muda mrefu wa kufikiri.

Akseleta ya kushoto huombwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni waendeshaji wa milimani. Mtu anapokata mteremko kwa ubavu, mlima ukiwa kushoto kwake, hulazimika kusimama upande wa kushoto wa mashine na kuilalia ili isibingirike. Mkono wake wa kulia unanyooka hadi mwisho, na kidole gumba kinakosa nguvu wakati anapokihitaji zaidi. Wa pili ni wale ambao mkono wao wa kulia una kasoro. Mzee mmoja mtega wanyama alinijia akiwa amekatwa kidole gumba cha kulia baada ya kuungua kwa baridi. Aliniambia kwamba bila mashine yake hawezi kuifikia mitego, na bila mitego hana kazi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana wa fizikia. Kuna njia mbili za kuunga waya mpya. Njia ya kwanza ni kuupeleka moja kwa moja kwenye kabureta. Njia ya pili ni kuuvusha juu ya usukani hadi kwenye wenzo wa kulia, ili mkono wa kushoto uuvute wenzo uleule wa zamani. Kwa macho njia ya kwanza ni safi zaidi. Lakini mashine nyingi za waya zina mlinzi ndani ya kisanduku cha akseleta ya kulia. Ni swichi ndogo inayoangalia kama wenzo na kabureta vinakubaliana. Dereva akiachia kidole, na kabureta ikabaki wazi kwa sababu imeganda barafu, swichi hutambua. Katika mashine nyingine huzima injini, na katika nyingine huizuia isifikie kasi ya kushikisha klachi.

Ukiunga waya mpya moja kwa moja kwenye kabureta, mkono wa kushoto utaifungua huku wenzo wa kulia umetulia. Mlinzi ataona kutokubaliana, na injini itazimika kila unapotaka kwenda. Hapo ndipo baadhi ya watu hukata nyaya za swichi, na mashine ikaenda vizuri sana, hadi siku itakapokataa kusimama. Yule mzee naye aliniomba nizikate, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kurudi porini. Nilikataa, nikamwomba anipe siku moja zaidi nimuungie waya kwa njia ya pili. Alinung'unika, lakini alinipa.

Hata hivyo, njia ya pili nayo ina tundu lake. Waya wa kushoto ukiganda ukiwa umevutwa, utaushikilia wenzo wa kulia nao ubaki umevutwa. Mlinzi ataona wenzo umefunguliwa na kabureta imefunguliwa, ataridhika na kunyamaza. Kwa maneno mengine, hauoni mkono wa kushoto. Ndiyo maana wenzo mpya lazima uwe na springi yake yenyewe ya kuurudisha, na dereva lazima avae ile kamba ya usalama inayozima injini akianguka au akiichomoa.

Baada ya hapo huja marekebisho. Injini ikiwa imezimwa, nilifunga wenzo mahali ambapo kidole gumba cha kushoto kinaufikia huku vidole vingine viko kwenye breki. Nilimwambia mzee avae glavu zake nene, abane breki hadi mwisho, na akseleta isitikisike hata kidogo. Waya niliupitisha bila kona kali, mbali na bomba la moshi na mahali usukani unapojipinda. Nilirekebisha skrubu hadi waya ukabaki na ulegevu mdogo, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kushoto, na vilevile kulia. Kisha nilihakikisha kwamba wenzo wa kushoto ukifika mwisho, wa kulia nao ndipo unapofika mwisho. Ukivutwa kupita hapo waya utakatika. Nikakaza nati, nikavuta na kuachia mara kumi. Kila mara ulirudi kwa mlio.

Kazi haikuishia hapo, maana karakana yenye joto hudanganya. Maji kidogo yaliyojificha ndani ya waya hayaonekani mpaka yagande. Tuliiacha mashine nje usiku kucha, na asubuhi, kabla ya kuiwasha, tukavuta na kuachia tena. Ndipo nikaiinua nyuma juu ya stendi, nikahakikisha hakuna mtu nyuma ya mkanda, nikawasha, na kuzungusha usukani pande zote. Mlio wa injini haukupanda. Mzee akatia saini, akaondoka.

Niongeze kwamba baadhi ya mashine za siku hizi hazina waya kabisa. Akseleta yake ni ya umeme. Kwa hizo maelezo haya hayafai, na fundi asibuni lake.

Vijana, huenda msiione theluji maishani mwenu, lakini bodaboda mnazipanda kila siku. Fanyeni jaribio lilelile. Pikipiki ikiwa imesimama katika gia huru na injini inanguruma polepole, kateni usukani kushoto na kulia. Mlio ukipanda, waya wa akseleta umebana au umepitishwa vibaya, na siku moja pikipiki itaongeza mwendo yenyewe katika kona. Mwambieni dereva, naye apeleke kwa fundi kabla hajabeba abiria mwingine.

Anayeongeza njia mpya ya kwenda ana deni la kuongeza njia mpya ya kusimama. Na kifaa kikikuzuia kufanya unalotaka, uliza kwanza kinalinda nini, kabla hujashika koleo ya kukatia nyaya.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Kama yuko kijana mwenye swali, nitakuwa pale chini ya mwembe, na pikipiki ya mwalimu wa zamu nimeshaiomba kwa ajili ya mfano.