Udongo Tunaoukanyaga
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kabungu)



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kuzungumzia udongo. Sote tunaijua harufu ya shamba mvua za kwanza zinapolilowesha. Harufu ile hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria waitwao streptomisesi. Bakteria hao hutengeneza kemikali ziuazo vijidudu vingine, na chache kati yake huua hata seli za saratani.

Mwaka 1940, huko New Jersey, Marekani, Selman Waksman na mwanafunzi wake Boyd Woodruff walipata aktinomaisini kutoka kwa bakteria wa udongo. Iliua vijidudu, lakini iliua pia wanyama wa majaribio, ikawekwa kando. Miaka ya 1950 madaktari waliijaribu kwa kipimo kidogo, wakaona inanywesha uvimbe wa figo wa watoto. Jirani zetu wa Uganda, katika Taasisi ya Saratani iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, waliitumia kutibu saratani ya Kaposi.

Kazi yenyewe huanza na kijiko cha udongo. Mtafiti huukausha, huukoroga katika maji safi, huyazimua maji hayo mara kumi, mara mia, mara elfu, kisha hudondoshea matone kwenye sahani ya agari. Baada ya wiki moja au mbili huchagua madoa yenye unga, hukuza kila doa peke yake, na kupima mchuzi wake juu ya vijidudu na seli za saratani. Ukifaa, huitenga kemikali yenyewe na kuchunguza muundo wake. Mara nyingi hukuta imekwisha kujulikana, akaanza upya.

Ndugu zangu, mwaka 2011 mpwa wangu wa miaka minne alivimba tumbo. Tulidhani ni bandama, tukapoteza miezi miwili. Dar es Salaam alipasuliwa, akachomwa dawa mbili, mojawapo hiyo aktinomaisini. Leo amemaliza kidato cha nne. Basi wahini hospitali. Wala asitoke mtu hapa akaenda kula udongo! Dawa hii ni kali, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa.

Ombi langu ni moja: chama chetu kiinunulie maabara hadubini. Mchango wangu nimekwisha kumkabidhi mweka hazina.