Daftari la Deni na Skrini ya Mguso: Programu Huria za Mauzo katika Hoteli Ndogo za Kibera na Kawangware

Programu ya mauzo ya kaunta ni ile inayopokea maagizo ya wateja wa hoteli, ikayapeleka jikoni, ikajumlisha bei, ikapokea malipo na kutunza kumbukumbu ya yote hayo. Na inapoendeshwa kwa skrini ya mguso, mhudumu hahitaji kibodi, bali hugusa kwa kidole kitufe chenye jina la chakula na hesabu ikajifanya. Programu ya aina hiyo huitwa huria pale ambapo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa ili kompyuta iyatekeleze, umewekwa wazi chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuwagawia wengine alichokibadilisha. Mhadhara huu unadai kwamba, kwa hoteli ndogo za Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, faida kuu ya programu huria haimo katika kupatikana bila malipo, ingawa hilo nalo si dogo kwa mtu anayeuza chapati, bali imo katika ruhusa ya kuifumua programu na kuisuka upya kulizunguka deni, kwa kuwa deni ndilo mhimili wa biashara ya chakula katika mitaa hiyo, na programu nyingi za kaunta zilibuniwa na watu ambao hawakuwa na haja ya kulifikiria.

Asili ya mashine hizi inaeleza upungufu huo. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton, Ohio, alipata hataza ya mashine ya kuhesabia mauzo, akisukumwa na shaka kwamba wahudumu wake walikuwa wakitia mfukoni fedha za wateja. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1986, Gene Mosher, Mmarekani aliyekuwa na uzoefu wa kuendesha mikahawa, alionyesha mjini Las Vegas programu ya mikahawa iliyoendeshwa kwa kugusa skrini ya rangi, ikitumia kompyuta ya Atari 520ST. Programu hiyo, ViewTouch, baadaye ilitolewa chini ya leseni ya GPL, ile iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1989, ambayo sharti lake kuu ni kwamba anayesambaza programu aliyoibadilisha lazima autoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Zipo nyingine za jamii hiyo, kama Floreant POS, uniCenta oPOS na toleo la jamii la Odoo, mfumo ulioanzia Ubelgiji. Zote ni kazi za kuheshimiwa. Hata hivyo, kwa kiasi kikubwa zimerithi picha ileile ya biashara: mwenye mali asiyekuwapo, mhudumu anayepaswa kuchungwa, na mteja anayelipa kabla ya kuinuka mezani.

Katika kibanda cha chakula karibu na soko la Toi, Kibera, au pembeni mwa stendi ya magari ya namba 46 kule Kawangware, watu hao watatu hawapo. Mwenye biashara ndiye mpishi, ndiye mhudumu, na ndiye keshia. Akiwa na msaidizi, mara nyingi ni binti yake au mpwa wake, na fedha hukaa katika mfuko wa aproni. Chakula kimeshaiva kabla ya saa sita: sufuria ya madondo, nyingine ya matumbo, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, ugali uliofunikwa, na chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya ndoo yenye kitambaa. Mteja haletewi menyu, kwani anaona kilichopo. Husema tu, "Chapo mbili madondo," au huomba sukuma ya bei anayoimudu siku hiyo, na mpakuaji hupima kwa mwiko na kwa jicho. Bei, kwa hiyo, haifuati sahani, bali sahani ndiyo hufuata bei. Programu inayodai kila chakula kiwe na kipimo kimoja na bei moja tayari imekosea kabla mteja hajaketi.

Kisha mteja hula, hunawa, na kusema, "Weka kwa kitabu." Kitabu chenyewe ni daftari la shule lenye mistari, lililolegea kwa mvuke na kupakwa mafuta pembeni, na ndani yake hamna majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, bali namna watu wanavyojulikana mtaani: fundi wa viatu, soja wa geti, kijana wa mkokoteni. Mbele ya kila jina huwekwa kiasi, kisha kingine chini yake, na siku ya kulipa mstari hupitishwa juu ya vyote, au juu ya baadhi tu, kwa kuwa wengi hulipa kidogo kidogo. Wanaofanya kazi za mjengo mara nyingi hupokea ujira Jumamosi, na walinzi wa usiku hupokea mwisho wa mwezi. Tumbo halingoji siku hizo. Mwenye kibanda anayewalisha kwa kitabu huwa amewapa mkopo usio na riba, usio na fomu na usio na mdhamini, naye hulipwa kwa uaminifu wa mteja atakayerudi kwake hata akiwa na fedha taslimu. Ushauri unaotolewa mara kwa mara kwa wafanyabiashara wadogo, kwamba waache kukopesha, hauoni jambo hili. Anayeacha kukopesha Kibera huenda akaacha kuuza.

Daftari lina udhaifu wake, na udhaifu huo ni wa kweli. Likiloa au likiungua, wiki mbili za kazi zimepotea. Halijumlishi: mwenyewe hujua kwamba anadai, lakini mara chache hujua anadai jumla ya shilingi ngapi, wala kama jumla hiyo imeshazidi mtaji wa unga na mafuta ya wiki ijayo. Hapo ndipo kompyuta ingefaa. Lakini katika mifumo mingi ya mikahawa hesabu isiyolipwa hufungwa kwenye namba ya meza, na hutarajiwa kumalizwa kabla ya kufunga siku. Ukopeshaji, pale unapokuwapo, umewekwa pembeni, na huanza kwa kumsajili mteja kwa utaratibu unaomfaa mtu wa anwani na si mtu wa mkokoteni. Marekebisho yanayohitajika si ya kuongeza kitufe kimoja. Mpangilio wote unageuka: ukurasa wa kwanza wa skrini uwe na watu badala ya vyakula, kila mmoja kwa jina lake la mtaani na kiasi anachodaiwa, mguso wa pili uwe wa shilingi, na chakula kitajwe tu ikiwa mwenyewe anataka kujua kilichouzika, malipo ya sehemu yawe jambo la kawaida, na kuwe na njia ya kusamehe deni bila programu kulihesabu kuwa wizi. Katika programu inayomilikiwa na kampuni, ombi kama hili husubiri hisani ya mwenye msimbo, naye hana sababu ya kuwasikiliza wateja wenye mauzo madogo. Katika programu huria, ombi hilo ni kazi ya wiki kadhaa kwa mtu anayejua kuandika msimbo.

Skrini yenyewe ina masharti yake. Skrini nyingi za simu za leo hutambua kidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na kwa hiyo huchanganyikiwa zinapoguswa kwa mkono ulioloa, wenye unga au wenye mafuta. Skrini za zamani za mikahawa, zilizotambua mgandamizo, zilivumilia zaidi. Anayekanda chapati hawezi kunawa kila mteja anapoinuka, hivyo vitufe sharti viwe vikubwa, vichache, na vyenye nafasi ya kurudi nyuma mguso ukienda kombo. Stima nayo hukatika, na tokeni za umeme huisha. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012 na ambayo inaweza kuiendesha ViewTouch, hutumia umeme kidogo sana, lakini bado huhitaji skrini, waya na mahali pakavu. Simu ya kawaida, ambayo mwenye kibanda anayo tayari, ndiyo chombo cha busara. Lililo muhimu zaidi ni kwamba programu ifanye kazi yote bila intaneti, kwa sababu mteja anayelipa hawezi kungoja mtandao urudi.

Itasemwa kwamba M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, imeshalitatua tatizo hili la kutunza hesabu. Huduma hiyo ilianza Machi 2007, Lipa na M-Pesa ikafuata mwaka 2013, na leo namba ya till, yaani ya kupokelea malipo, huonekana imebandikwa hata kwenye ubao wa kibanda. Lakini M-Pesa hujua kilicholipwa. Haijui kilicholiwa wala kinachodaiwa. Zaidi ya hayo, kumbukumbu hiyo hukaa kwa mtoa huduma. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu iliyoanza mwaka 2012, ilionyesha jinsi historia ya mtu kwenye simu inavyoweza kugeuzwa kipimo cha kustahili mkopo, na wakopeshaji wa simu waliofuata walienda mbali kiasi kwamba Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kuwadhibiti mwaka 2022. Mwenye kibanda anayetunza hesabu zake ndani ya simu yake mwenyewe, katika programu ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua kama inatuma taarifa mahali, anaweza kuipeleka kumbukumbu hiyo kwa chama au kwa SACCO kwa hiari yake, na kuinyima wengine.

Upande wa kodi, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya mauzo kuwa asilimia 3 kwa biashara zenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Milioni 1 ni kama shilingi 2,740 kwa siku, kiwango ambacho kibanda chenye wateja wengi hukifikia, na kodi hiyo hutozwa mauzo ghafi, si faida. Asiye na hesabu hawezi kujua yuko upande gani wa mstari huo, wala kujitetea akiambiwa yuko upande asiokuwapo. Mamlaka ya Mapato, KRA, imefungua njia ya programu za nje kuunganishwa na mfumo wake wa ankara, eTIMS, kwa masharti ya kuthibitishwa. Kwa programu huria, kazi hiyo ingefanywa mara moja na kundi moja, kisha wengine wakanufaika.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mwenye kibanda hawezi kusoma msimbo, na uhuru asioweza kuutumia haumsaidii. Pingamizi hili lina jibu la Kibera yenyewe. Mwaka 2009 mtaa huo, unaojulikana duniani kote, ulikuwa karibu nafasi tupu kwenye ramani za mtandaoni, ndipo vijana wa hapo, katika mradi wa Map Kibera, wakatembea na vifaa vya GPS wakichora njia, vyoo, shule na zahanati ndani ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Wakazi wengi hawakuhitaji kujua jinsi ramani inavyochorwa. Ilitosha kwamba wachache wa humo humo walijua, na kwamba hakuna aliyeweza kuwazuia kuirekebisha. Mwaka mmoja kabla yake, Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya, iliandikwa na Wakenya, kisha ikatumiwa Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Watu wa kuianza kazi hii wapo. Mafundi wa simu waliojazana katika barabara za Kawangware wameshazoea kuingiza programu katika simu za wengine na kurudisha kumbukumbu zilizopotea. Wanachokosa ni mafunzo ya kuandika msimbo na mtu wa kuwalipa kwa miezi ya kwanza, mambo ambayo idara za kompyuta za vyuo vikuu vya Nairobi zinaweza kuyatoa kama sehemu ya miradi ya wanafunzi. Jambo moja wasilipuuze tangu siku ya kwanza: orodha ya wadaiwa ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuandikwa kwa ajili ya mabenki pekee. Simu ikiibiwa, mwizi asiweze kusoma nani anadaiwa nini na nani. Kwa hiyo orodha ifungwe kwa namba ya siri, nakala yake ihifadhiwe katika simu ya pili ya mtu anayeaminiwa na mwenye kibanda, na jumla ya kila mdaiwa iweze kuandikwa upya kwenye daftari jioni, kwa kalamu, na yeyote anayeiamini karatasi zaidi.