Programu ya Simu Nayo Ina Viambato



Mnunuapo pakiti ya biskuti, ubavuni mwake mnakuta orodha ya viambato. Mwenye mzio wa karanga huisoma, akajiepusha na madhara. Programu ya simu mnayotumia kutuma fedha nayo ina viambato: vipande vilivyoandikwa na watu wengine, mtengenezaji akaviunganisha na vyake.

Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika kipande kimoja cha namna hiyo, Log4j, kilichotumika katika programu nyingi duniani. Waliokuwa na orodha kamili, yenye jina la kila kipande na toleo lake, walijua upesi kama wameguswa. Wasiokuwa nayo walipekua mfumo mmoja baada ya mwingine, huku wavamizi wakiwa kazini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zenu azilinde. Hawezi kulinda asichokijua. Ndiyo maana tunawahimiza watoa huduma waandae orodha hiyo kwa kila toleo jipya. Nanyi, ujumbe wa kusasisha programu ukija, fungueni duka rasmi la programu mkaisasishe humo. Huenda ndipo kipande kibovu kinapoondolewa.