ZAMU YA MAJI NA ZAMU YA KAZI
Mazungumzo na wakulima wa Engaresero juu ya kutumia siku vizuri shambani na nyumbani



Leo nataka tuzungumze habari ya kazi. Sikuja kuwaambia habari ya uvivu, maana mtu anayeamka kabla ya jua kutoka, akakamua, akafungua mifugo, akashika jembe, kisha akarudi na kuni mgongoni, huyo hawezi kuitwa mvivu. Nataka tutafute jibu la swali moja. Kwa nini mtu afanye kazi kutwa, siku nenda siku rudi, na wakati wa mavuno apate magunia machache kuliko jirani yake, ambaye mashamba yao yanakunywa mfereji mmoja na yamelala juu ya udongo mmoja?

Mara nyingi tofauti yao ni wakati. Kazi ya shamba ikifanywa siku yake huwa nyepesi, tena ina faida. Ikipita siku yake huwa nzito, na faida yake hupungua. Nayo nafasi ya kufanya kazi ya shamba kwa siku yake hupatikana nyumbani, kwa kupanga na kugawana kazi za boma. Mambo haya mawili hayatengani, na kwa hiyo nitayasema pamoja.

MAHINDI NI ULINZI WA MIFUGO

Nyote mwajua mambo yanavyokwenda. Unga ukiisha bomani, mwenye boma hupeleka mbuzi mnadani. Wakati wa ukame kila mtu hupeleka mbuzi siku ile ile. Mnyama amekonda na bei yake imeshuka, na mahindi nayo yamepanda bei. Hapo mbuzi mmoja hatoshi, huuzwa wawili. Mwaka 2009 ukame uliua ng'ombe wengi sana katika wilaya za Ngorongoro, Longido na Monduli, na waliosalia waliuzwa kwa bei ya kusikitisha.

Basi gunia moja unalolitoa katika shamba lako ni mnyama anayebaki zizini. Mtu asidhani kwamba kulima kunamwondoa katika ufugaji. Shamba dogo la kumwagilia, likitunzwa vizuri, hulinda kundi.

FANYENI ZAMU YA MAJI KUWA KALENDA

Hapa petu mvua ni chache na jua ni kali. Mto wetu hushuka kutoka nyanda za juu, hupita katika korongo, na mwisho wake ni Ziwa Natron. Yakiisha kuingia ziwani maji hugeuka magadi, wala hayafai kwa mmea wo wote wa chakula. Kwa hiyo maji yaliyopita mfereji wako bila kutumika yamepotea.

Watu wa zamani walilifahamu jambo hili. Kusini mwetu, chini ya ukingo huu huu wa Bonde la Ufa, yako magofu ya Engaruka. Tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18 watu wa pale walilima kwa mifereji, wakagawanya mashamba yao kwa mistari ya mawe ambayo yanaonekana hata leo. Na majirani zetu Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wamegawana maji kwa zamu tangu kale, chini ya baraza la wazee liitwalo wenamiji. Watu hao wasingaliweza kuishi katika nchi kavu kama kila mmoja angalifungua maji apendavyo.

Lakini kupata zamu ni jambo moja, na kuitumia ni jambo jingine. Yuko mtu ambaye maji humkuta hajasafisha mfereji, kingo zimebomoka, na jembe limelegea mpini. Zamu yake huishia katika kuziba matundu. Basi yafaa kuipanga kazi yote kwa kuifuata zamu, namna hii:

1. Siku mbili kabla ya zamu, safisha mifereji midogo, ziba matundu, na tengeneza kingo. Kaza mipini na noa majembe. Gawanya shamba katika vitalu vidogo vilivyosawazishwa, ili maji yasikimbilie upande mmoja na kuacha mwingine mkavu.

2. Siku ya zamu, usifanye kazi nyingine. Jaza kitalu kimoja, funga, nenda cha pili. Ukitaka kujua kama maji yametosha, chimba kidogo pembeni ya mstari. Unyevu ukifika kina cha sentimeta 30, mizizi imepata haki yake. Kama zamu yako yaweza kuwa jioni au alfajiri, ichague hiyo, maana maji ya mchana hupotea kwa jua.

3. Siku ya pili au ya tatu baada ya maji, udongo ukiwa laini bila kunata katika jembe, ndipo upalilie. Jembe huingia bila taabu, na majani yaliyong'olewa asubuhi hukauka kabla ya jioni.

Mtu akifuata mpango huu hana haja ya kujiuliza kila asubuhi, "Leo nifanye nini?" Maji yenyewe yatamwambia.

Tena angalieni jambo hili: mkiona ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi. Hutokea mahali maji yanapotuama na kukauka bila njia ya kutoka. Chimbeni mfereji wa kutolea maji upande wa chini wa shamba. Shamba lililoingiwa na chumvi huchukua kazi ile ile bila kurudisha mavuno.

PANDENI KWA KAMBA

Watu wengi huona kwamba kupanda kwa mstari kunachelewesha. Ni kweli kwamba siku ya kupanda mtu hutumia saa chache zaidi. Lakini saa hizo hurudi katika palizi, maana mwenye mistari hupita na jembe katikati bila kuinama kutafuta mche uko wapi, na maji nayo hufuata mstari.

Chukua kamba, uifunge mafundo kila sentimeta 30. Mistari iachane sentimeta 75. Katika kila fundo weka shimo moja, na uache mche mmoja. Eka moja itapata miche 18,000 hivi. Ikibanwa zaidi ya hapo hunyang'anyana maji na chakula, ikawa mirefu na myembamba isiyobeba kitu.

Kabla ya kupanda, rudisheni shambani mali iliyolala bomani. Samadi iliyooza ni mbolea, na ninyi mnayo kwa wingi kuliko wakulima wa nchi nyingi. Ipelekeni kwa punda wakati wa kiangazi, siku ambazo hakuna kazi ya jembe. Na ua wa miiba uwe tayari kabla mbegu haijaota. Mbuzi wachache wakiingia kwa saa moja humaliza kazi ya miezi.

PALIZI HAINGOJI

Hapa ndipo mahindi mengi yanapopotea. Mhindi mchanga hauwezi kushindana na majani. Majani yakiuzidi katika wiki sita za kwanza, hata ukiyaondoa baadaye hautarudi kama ulivyopaswa kuwa. Palizi ya kwanza ifanywe wiki mbili baada ya kuota, na ya pili isivuke wiki ya tano.

Jani lenye urefu wa kidole hukwanguliwa kwa jembe ukiwa unatembea. Likifika magotini ni lazima lichimbwe, likung'utwe udongo, na kutolewa. Mikono ni ile ile na shamba ni lile lile, lakini kazi imekua mara nyingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mnapopalilia, tazameni pia ndani ya kikonyo cha mhindi. Tangu mwaka 2017 viwavijeshi vamizi wameingia Tanzania. Hukaa katika moyo wa mmea na kuacha uchafu kama unga wa mbao. Mkiwaona wakiwa wadogo na wachache, waokoteni na kuwaua kwa mkono. Wakiwa wengi, mwiteni bwana shamba au bibi shamba upesi, kabla hawajakua.

KAZI ZA BOMA ZIGAWANYWE

Sasa nasema na wanaume. Ukimwuliza mama wa boma kwa nini palizi imechelewa, atakujibu kwa kuhesabu: kukamua, maji, kuni, kupika, watoto, kukandika nyumba. Saa za siku zimekwisha, na shamba halijatajwa. Mtu mmoja akibeba kazi zote hizo peke yake, shamba litapata mabaki ya nguvu zake, na mahindi yatakuwa mabaki pia.

Mwajua nyayo za watu wa kale zilizo hapa kwetu Engaresero, zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika tope la majivu ya volkano, si chini ya miaka 5,000 iliyopita. Mwaka 2020 wataalamu walieleza kwamba watu 17 walipita pamoja kwenda upande mmoja, na kwa vipimo vya nyayo waliona kuwa 14 walikuwa wanawake, wanaume wawili, na kijana mmoja. Walifikiri huenda wanawake hao walikuwa wakitafuta chakula kwa ushirika, na wanaume wamewafuata. Basi kufanya kazi kwa kundi si jambo geni katika ardhi hii.

Yafaa mfanye hivi:

Kwanza, punda abebe maji na kuni, na kijana amwongoze. Safari moja ya punda huokoa safari kadhaa za mgongo.

Pili, maharage na mahindi ya kande yalowekwe usiku. Huiva upesi, na kuni hupungua. Jiko la udongo lililozungushiwa moto pande zote hula kuni chache kuliko mafiga matatu yaliyo wazi.

Tatu, wiki mbili za palizi ziwe za watu wote. Baba na vijana walio nyumbani washike jembe. Majirani watano wakisaidiana, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kila shamba hupaliliwa likiwa changa.

Nne, heshimuni jua. Kazi ya jembe ianze saa kumi na mbili asubuhi, ikome saa nne au saa tano. Mchana fanyeni kazi za kivulini: kupukuchua, kutengeneza mipini, kusuka kamba. Saa kumi rudini. Saa nne za mtu aliyepumzika hupita kutwa ya mtu aliyechoka.

MSIPOTEZE MWISHONI

Kazi yote niliyoitaja yaweza kupotea ghalani. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, tandikeni turubai. Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, weka mahindi kidogo na chumvi kavu, kisha tikisa. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado mabichi.

Mahindi mabichi huota kuvu, na kuvu huleta sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Wala msimpe ng'ombe wa maziwa mahindi yaliyooza, maana sumu hupita hadi katika maziwa ya watoto.

Adui mwingine ni dumuzi, aliyeonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye hugeuza gunia kuwa vumbi. Mahindi makavu yakiwekwa katika mfuko wa matabaka matatu, hewa ikakamuliwa na kila tabaka likafungwa peke yake, wadudu hufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Mabua yakateni na kuyahifadhi juu ya kichanja. Hayo ni malisho ya ndama mwezi wa njaa.

Mwisho, wekeni daftari. Andikeni siku ya kupanda, siku za maji, siku za palizi, na magunia mliyopata. Asiyejua kuandika na amwombe mwanafunzi wa boma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ni mali.

Basi ndugu zangu, mtu hawezi kubadili mambo yote kwa msimu mmoja. Chagueni mawili. Ninyi mkiniuliza, nitawaambia muanze na hili: mfereji uwe safi siku mbili kabla ya zamu, na palizi ya kwanza isipite wiki mbili. Mkiyatimiza hayo, hesabuni magunia wakati wa mavuno, halafu hesabuni mbuzi waliobaki zizini. Yaliyosalia tutayazungumza msimu ujao.