Kodi za Nyumba na Haki ya Mpangaji

 

Ndugu katika imani, tangu lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi, Chongoleani, mwaka 2017, wenye nyumba hapa Tanga wanamngoja mpangaji tajiri. Hatusemi kupandisha kodi ni haramu. Lakini ijara ni mkataba unaozifunga pande zote mbili. Uliyepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo huna haki ya kuongeza hata shilingi moja kabla ya muda kwisha, wala kumtoa mpangaji kwa kuwa amepatikana anayetoa zaidi. Na nyumba ikibomoka, fedha ya miezi iliyobaki ni yake. Kuizuia ni kula mali ya watu kwa batili. Wangapi kati yetu, tunaogombea safu ya mbele, tumeirudisha?

Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma akakitoa wakfu. Mji Mkongwe, Unguja, nyumba nyingi ziliwekwa wakfu, wanyonge wakakaa kwa kodi ndogo. Sisi twachangia minara! Mwenye kiwanja na aweke wakfu japo vyumba viwili vya wajane; amwone imamu baada ya sala.