Kanisa na Malezi ya Vijana



Katika furaha ya yubili hii twaulizwa neno moja: ulimwengu unapogeuka, Kanisa lifanyeje? Wengine husema lisibadili kitu. Wengine husema lifuate kila lijalo. Sisi twaona kwamba waliotutangulia hapa Masasi walikwisha kutuonyesha njia.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta hapa kutoka Unguja watu waliookolewa katika utumwa, wakajenga mji wa Kikristo. Jirani zao, Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera, waliamini kwamba mtoto hawi mtu mzima mpaka afundwe. Basi Mkristo alipomnyima mwanawe jando, mtoto alichekwa na wenzake. Alipompeleka, mtoto alikuta humo matambiko na nyimbo zisizopatana na ubatizo wake. Kwa hiyo wengine walikwenda kwa siri.

Vincent Lucas, tangu siku za upadre wake hapa, na tena alipokuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hii, mwaka 1926 hata 1944, hakulivunja jando, wala hakulipokea lilivyo. Pamoja na mapadre Waafrika alilipima jambo kwa jambo. Kutahiriwa, kukaa kambini porini, kuvumilia, kutii wakubwa na kurudi nyumbani kwa shangwe, hayo yalibaki. Matambiko ya mizimu yaliondolewa, mahali pake pakawa msalaba na sala. Lakini unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa mambo yake yalikuwa mikononi mwa akina mama, si ya mapadre. Hapo twajifunza kwamba kazi hii haiwezekani bila wenye mila wenyewe.

Je, leo vijana wetu wanafundwa na nani? Wengi wamekwenda Mtwara na Dar es Salaam. Simu i mkononi, nayo yawafundisha usiku na mchana habari za mwili na za fedha, pasipo mzee wala sala. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi tukikataza tu, watatazama kwa siri, kama wale wa zamani walivyokwenda jandoni kwa siri.

Basi na tupime kama wazee wetu walivyopima. Kijana anatafuta nini humo? Anatafuta wenzake, anatafuta kuujua mwili wake, anatafuta kuhesabiwa mtu mzima. Kutafuta hayo si dhambi. Kwa hiyo mafundisho ya kipaimara yasiwe kukariri maneno tu. Wazee waketi na wavulana, akina mama waketi na wasichana, waseme nao wazi juu ya ndoa, kazi na fedha, wala wasione haya kuulizwa. Na aliye mbali mjini tumpelekee neno kwa simu ile ile, ajue ya kuwa kwao hajasahauliwa.

Mungu aliyewaangazia wazee wetu atuangazie na sisi. Amina.